Kivuli cha Chombo Ukutani

Mwaka 2006, ukame ulipopunguza maji katika bwawa la Mtera na umeme ukawa unagawiwa kwa zamu, nilikuwa mwanafunzi wa ukerezaji, yaani kuchonga mti unaozungushwa na mashine, katika karakana moja ya Keko, Dar es Salaam, ambako kazi yetu kubwa ilikuwa kukereza miguu ya vitanda na nguzo za ngazi. Mashine zilinyamaza asubuhi, zikaamka usiku, nasi tulijilaza juu ya maranda tukisubiri zamu yetu. Katika usiku mmoja wa namna hiyo ndipo nilipofundishwa kutazama umbo la chombo.

Shangazi alikuwa akimwoza binti yake, akaniomba nimtengenezee chombo cha kuwekea udi chenye kifuniko chake. Nilichagua kipande cha mninga mkavu uliotoka Tabora, mti ambao mafundi huupenda kwa sababu hausinyai sana unapokauka, nikakikereza kwa siku mbili za umeme wa kuvizia. Pamoja na kifuniko, chombo kilikuwa na kimo cha sentimita 18. Tumbo lilikuwa na upana wa sentimita 12, kitako sentimita 10, na juu ya kifuniko nilisimamisha kishikio kinene mfano wa kitunguu. Kuzunguka tumbo nilichonga mifereji mitatu iwe pambo. Kifuniko kilikaa barabara, kikivutwa kilitoa sauti ndogo kama pumzi, nami kwa moyo mweupe niliamini kwamba nimemaliza.

Mzee wangu, fundi aliyekuwa akinifundisha, ambaye alianza kazi hii ujanani kwa kerezo la kuvutwa kwa kamba, alikipokea kwa mikono miwili wala hakukifungua. Umeme ulikuwa umekatika tangu magharibi. Alikiweka juu ya benchi, akasogeza kandili mpaka mwali wake ukawa sawa na kimo cha tumbo ili kivuli kisirefuke kwa uongo, kisha akanigeuza bega nitazame ukuta.

“Sasa rangi ya mti imeondoka, mwanangu, na mng’aro wa nta umeondoka. Niambie kilichobaki.”

Kilichobaki kilikuwa kopo. Pembeni, kutoka kitakoni hadi begani, mstari ulipanda karibu wima, na ile mifereji niliyoionea fahari ilionekana kama mapengo ya meno yaliyoukatiza bila sababu. Kishikio kilikuwa kikubwa kupita shingo iliyokibeba, hata kifuniko kikaonekana kama kimebandikwa juu ya kitu cha mtu mwingine.

Mzee alichukua kipande cha mkaa. Sehemu za chombo alikuwa akizitaja kama sehemu za mwili, kitako, tumbo, bega, shingo, mdomo, na kwa kila jina alichora ukutani juu ya kivuli changu. Kitako alikipunguza hadi nusu ya upana wa tumbo, akaniambia nikumbuke mtungi wa maji uliokuwa nyumbani kwetu, jinsi unavyosimama juu ya sehemu ndogo na kwa hiyo ukaonekana mwepesi hata ukiwa umejaa. Tumbo alilipandisha, akaweka mahali pake papana zaidi juu ya nusu ya kimo, kiasi cha theluthi mbili kutoka chini, kwa maana umbo ambalo upana wake uko katikati kabisa halina upande linaoelekea. Kisha akafanya jambo ambalo sikulitarajia: mstari wa bega hakuukomesha mdomoni bali aliupitisha juu ya kifuniko bila kuinua mkaa, ukaenda hadi kwenye kishikio kidogo kisichozidi ncha ya kidole gumba. Alisema kwamba kifuniko na chombo ni mstari mmoja uliokatwa mahali pamoja, na anayekereza chombo kwanza kisha akafikiria kifuniko baadaye huwa ametengeneza vitu viwili.

Nilitaka kukirudisha kile kile kwenye mashine. Alinikataza, akanionyesha kwa bikari kwamba ndani nilikuwa nimeufuata ukuta wima wa nje. Nikipunguza kitako nitatoboa. Makosa ya nje hurekebishika ndani kukiwa bado na unene, lakini mimi nilikuwa nimeukomba wote mapema.

Umeme uliporudi, kama saa sita za usiku, nilifunga kipande kingine cha mninga mashineni, nyuzi zake zikielekea juu kutoka kitakoni hadi mdomoni. Safari hii nilianza na umbo zima la nje, kifuniko kikiwa bado kimeungana na chombo, nikapita na patasi mara nyingi nikirudi ukutani kupima macho yangu na ule mkaa. Ndipo nilipokitenganisha kifuniko kwa patasi nyembamba kuliko zote tulizokuwa nazo, kwa sababu kila milimita inayopotea pale huvunja mfuatano wa nyuzi, na jicho huliona pengo hilo hata kama mkono hauligusi. Ulimi wa kifuniko, ile sehemu inayoingia mdomoni mwa chombo, niliulegeza kidogo kuliko wa kwanza. Mti hunywa unyevu wa Pwani, na hautanuki sawasawa pande zote. Kwa kufuata pete zake hutanuka zaidi kuliko kuelekea kwenye kiini, kwa hiyo duara la leo huwa si duara kamili msimu wa masika, na kifuniko kinachobana sana kiangazi hugoma kufunguka mvua zikija.

Alfajiri Mzee alizima taa ya umeme, akawasha tena kandili. Kivuli cha chombo kipya kilipanda ukutani, kikaingia ndani ya mstari wa mkaa karibu kila mahali. Alikitazama muda mrefu, akaweka kidole begani, pale kifuniko kilipoanzia.

“Hapa bado pazito. Toa milimita mbili.”

Nilikirudisha mashineni, nikazitoa.