Fundi alisema koili imechoka, nikapiga hesabu nikakuta shida iko kwenye waya

Mke wangu anauza chipsi kwenye kibanda barabarani, umeme tunauvuta kutoka nyumbani kama mita 50 hivi. Jiko lake la kukaangia ni la umeme, nyuma limeandikwa 230V 2500W. Mwanzoni lilikuwa safi, baadaye likaanza kuzingua, mafuta yanachelewa kupata moto, ukitumbukiza viazi yanapoa kabisa, chipsi zinatoka laini zimelowa mafuta na wateja wanahamia kwa jirani. Kila jioni naambiwa "Baba Zuu, hili jiko litatuulia biashara".

Fundi wa kwanza kaangalia koili, ule waya wa ndani ya jiko unaopata moto, kwa macho tu, akasema imechoka, ninunue mpya elfu themanini na ufundi wake juu. Wa pili akasema umeme wa mtaa mdogo, nunua stabilaiza, hiyo sasa laki tatu na ushee. Mpaka leo inaniudhi, mtu anakutajia laki tatu wakati hata multimita, kile kimashine cha kupimia umeme, hajaitoa kwenye begi!

Nikaamua kupima mwenyewe. Multimita nimenunua Kariakoo, elfu kumi na kitu. Siku ya kwanza nilitaka kuanza na ampea, nikauweka waya mwekundu kwenye tundu la 10A, halafu nikaona kukata waya wa jiko ili mita ikae katikati ni kazi kubwa, nikaghairi, nikasema ngoja nianze na volti. Nikageuza swichi kwenye volti lakini ule waya mwekundu nikausahau kulekule kwenye 10A. Nachomeka kwenye soketi, paa! Cheche, ncha za waya zimeyeyuka, meni ikakata, nyumba nzima giza. Lile tundu ndani ni kama waya mtupu, halina ukinzani (kizuizi cha umeme) wa maana, ukilipeleka kwenye volti 230 umepiga shoti. Mkono ulitetemeka robo saa nzima. Tafadhalini sana, kabla hujagusa soketi angalia waya mwekundu umekaa tundu gani, usiangalie swichi peke yake.

Basi upande wa ampea ukafa, volti ikabaki inasoma. Nilikaa na hilo siku mbili, ampea nitazipata wapi, mpaka usiku nimeenda kuingiza umeme kwenye LUKU, ile mita ya umeme wa kulipia kabla, nikaona kile kitaa chekundu kinapepesa, pembeni pameandikwa 1000 imp/kWh. Yaani kikipepesa mara 1000 umekula uniti moja, kwa hiyo kila kikipepesa umekula wati-saa moja, yaani kama kitu cha wati moja kilichowaka saa nzima. Kesho yake nikazima kila kitu, friji, taa, mpaka chaja za simu, nikaacha jiko peke yake, nikahesabu dakika moja kwa saa ya simu: 37. Nikarudia mara tatu, hola, ni hiyohiyo. Zidisha kwa 60, wati 2220. (Fanya hivi mafuta yakiwa bado ya baridi, la sivyo thamostati, ile swichi inayozima jiko mafuta yakishapata moto, itakukatia katikati ya hesabu.) Volti kwenye soketi ya nyumbani jiko likiwa linawaka ni 229. Wati gawanya kwa volti, ampea 9.7. Nimezipata bila kukata waya hata mmoja, nilifurahi sana!

Nikakimbia kibandani nikapima pale jiko linapochomekwa: 208. Ukinzani wa jiko ni volti gawanya kwa ampea, 208 kwa 9.7, omu 21.4. Na jiko zima lilivyotoka dukani linatakiwa kuwa 230 mara 230 gawanya kwa 2500, omu 21.2. Ni kilekile! Ile elfu themanini ya koili ningeitupa. Nguvu inayofika jikoni ni 208 mara 9.7, wati kama 2018, zile 200 zinaishia njiani.

Njiani zinapotea volti 21, ukigawanya kwa 9.7 ni karibu omu 2.16. Waya wangu ni shaba ya milimita za mraba 1.5 (unene wa waya), mita 1000 zake ni omu 12.1, na umeme unaenda na kurudi kwa hiyo mita 50 unahesabu 100, hapo wengi wanakosea. Inakuja omu 1.21. Sasa ile 0.95 nyingine imetoka wapi? Ampea zidisha zenyewe kwa zenyewe halafu mara 0.95, wati 89. Kuna sehemu imejificha inaunguza kama balbu kubwa.

Nikazima meni nikaufuata waya kwa mkono. Juu ya uzio wa makuti nikakuta mafundo mawili ya tepu, imekuwa nyeusi na ngumu, bado ina moto. JUU YA MAKUTI. Aliyevuta waya shaba ilimwishia, akaunga kipande cha aluminiamu kama mita moja, kasokota tu. Shaba na aluminiamu zikishikana na unyevu ukapita zinalika, ukinzani unapanda, joto linapanda. Nililala vibaya siku hiyo nikiwaza watoto.

Nimeweka waya wa milimita za mraba 4, mzima hauna jointi, laki mbili na kitu, umeniuma lakini sijutii. Kibandani sasa nasoma 224, kitaa kinapepesa mara 40 kwa dakika, ndo wati 2400, ampea 10.5, jiko linapata kama 2350. Mke wangu hizo namba hazimhusu, katumbukiza viazi, mafuta yakanguruma, akanigeukia akasema "haya sasa".