Lagos ya Ureno: siku moja na mtembeza watalii

Saa 1 asubuhi. Kabla ya chai naangalia saa za maji kujaa na kupwa. Natembeza watalii Lagos, mji wa pwani kusini mwa Ureno (si ule wa Nijeria, ingawa jina lile nalo liliachwa na Wareno), na bahari ndiyo inayonipangia ratiba. Maji yakijaa sana, boti haziingii mapangoni. Mimi ni mtu wa Mombasa, bamvua halinibabaishi. Leo yanakupwa alasiri, kwa hiyo historia kwanza.

Saa 3. Tunakutana uwanja wa Gil Eanes, nahodha wa hapa aliyeipita Rasi ya Bojador, kwenye pwani ya Sahara, mwaka 1434. Sanamu iliyosimama pale, hata hivyo, ni ya mfalme Sebastião, kazi ya João Cutileiro ya 1973: kijana ndani ya deraya, uso wa kitoto. Wageni hucheka. Sebastião alikwenda kupigana Morocco mwaka 1578 akafia huko bila mrithi, na miaka 2 baadaye Ureno ikawa chini ya mfalme wa Hispania. Ndiyo maana Fort Jesus yetu, ya 1593, ilijengwa kwa amri ya Mhispania. Hilo Wareno wenyewe huwashangaza.

Saa 4. Kanisa la Santo António: nje kuta tupu nyeupe, ndani mbao za nakshi zilizopakwa dhahabu, malaika mpaka macho yanachoka. Tetemeko la 1755 na mawimbi yaliyofuata viliubomoa mji, ambao wakati huo ulikuwa makao makuu ya Algarve, eneo hili la kusini mwa Ureno. Dakika 15 zinatosha.

Saa 5. Hapa sina haraka. Uwanjani ameketi Infante Dom Henrique wa shaba, mwanamfalme aliyezituma merikebu za Ureno pwani ya Afrika, na pembeni lipo jengo linaloitwa Mercado de Escravos, soko la watumwa, leo makumbusho. Jengo hili ni la baadaye. Mnada wa kwanza ulikuwa nje, uwanjani. Tarehe 8 Agosti 1444 mateka 235 kutoka pwani ya Afrika Magharibi waligawanywa mafungu. Mwandishi wa habari za mfalme, Zurara, aliandika jinsi mama walivyotenganishwa na watoto wao na kilio kilivyotanda, huku Henrique akiwa juu ya farasi akingoja sehemu yake, moja ya tano. Mwaka 2009, wakichimba maegesho ya magari nje ya ukuta wa mji, wakakuta mifupa ya Waafrika zaidi ya 150 kwenye jalala la kale. Baadhi walikuwa wamefungwa mikono. Maegesho yakamaliziwa kujengwa.

Mzee mmoja wa Dar anayeishi Uingereza akanisogelea. "Mwanangu, haya unayasema kwa kila kundi?"

"Shikamoo mzee. Kila kundi."

"Marahaba. Hata hawa waliovaa nguo za kuogelea?"

"Hao hasa."

Saa 7 mchana. Dagaa wakubwa wa kuchoma, mkate, kisha dom rodrigo, kitamu cha viini vya mayai, lozi na sukari kinachofungwa kwenye karatasi ya kung'aa. Kimoja kinatosha watu wawili.

Saa 9. Ponta da Piedade. Ngazi zinakaribia 200 kushuka kwenye boti, magoti yajiandae. Miamba ya rangi ya asali imetobolewa na bahari ikawa matao na nguzo, na nahodha huzima mashine ndani ya pango ili watu wasikie maji. Nizungumze nini hapo? Nanyamaza, na hulipwa vilevile.

Saa 12 jioni. Ofisi imenitumia maoni ya wageni. Mmoja kaandika kwamba mapango ni mazuri ila historia ilizidi. Kesho maji yatakupwa karibu saa nzima baadaye kuliko leo, kwa hiyo muda huo nimeshauweka kwenye ule uwanja wa Henrique.