Nilivyohangaika mpaka nikaziona seli za homoni kwenye ubongo wa nyungunyungu

Mara tatu nimeinamia hadubini sioni kitu zaidi ya wekunduwekundu tu, nikaanza kuamini hizi seli za nyurosekretori zipo vitabuni. Kwa asiyezijua, ni seli za neva ila zinafanya kazi kama tezi, zinatengeneza homoni na kuimwaga kwenye damu. Na sio za mapambo, nyungunyungu akitolewa ubongo anaacha kutaga na ule mkanda wake mnene, klitelamu, unanywea.

Kosa la kwanza ni aibu kulisema. Nilidhani ubongo uko kwenye ncha kabisa, kwahiyo nikawa nabakiza pingili mbili za mbele nyingine natupa, kumbe ubongo uko pingili ya tatu, juu ya koromeo, vibonge viwili vyeupe vimeungana. Yaani nilikuwa naurushia pipani mwenyewe! Siku hizi nachukua pingili saba zote nazigandisha kwenye nta ya parafini nakata kwa urefu.

Halafu udongo. Mchanga ukibaki tumboni kisu cha mikrotomu, ile mashine ya kukata vipande vyembamba sana, kinaingia mapengo na vipande vinachanika katikati. Nikamweka nyungunyungu siku tatu kwenye karatasi ya kuchujia iliyolowa, nabadilisha kila siku maana ukimwacha anarudia kula kinyesi chake, kisha nikamlewesha na alkoholi ya asilimia 10 ndo nikamkata, bila hivyo anajikunja. Kuhifadhi nilitumia mchanganyiko wa Bouin, una asidi ya pikriki na formalini na asidi ya asetiki, kila kitu kinageuka njano mpaka kucha (na hiyo pikriki usiiache ikauke, ikikauka inalipuka).

Sasa vipande vinatoka safi, ubongo upo, na bado hakuna zambarau, ile rangi ambayo seli hizi zinatakiwa kushika. Hapa ndo nilikaa wiki mbili nikimlaumu nyungunyungu. Rangi yenyewe ni aldehaidi fuksini, ya Gomori ya mwaka 1950, unaanza kwa kuoksidisha slaidi (kioo chenye kipande) na pamanganeti yenye asidi, unaisafisha, ndo unaitia kwenye fuksini. Mwishowe nikapata wazo la kuijaribu kwenye slaidi ya kongosho la panya, kwa sababu seli za insulini zinashika rangi hiyohiyo vizuri sana. Hazikushika kitu. Basi shida si mnyama, ni chupa. Paraldehaidi, kemikali ya kuchanganyia rangi hiyo, niliyotumia ilikuwa imekaa kabatini miaka, na ikizeeka inageuka asidi, rangi haiivi hata uisubiri mwezi. Nikatafuta chupa mpya, nikachanganya, nikaiacha siku tatu, ikatoka kwenye wekundu ikawa zambarau nzito. Ningeanza na kongosho ningeokoa minyoo kadhaa.

Slaidi ya nne sikutaka hata kuangalia. Nikaangalia. Upande wa juu na nyuma wa ubongo kuna seli zimejaa chembechembe za zambarau iliyokolea, kiini katikati kimebaki cheupe kama tundu, na jirani zake za kawaida zimepauka kabisa. Moja ilikuwa imekatwa vizuri mpaka mkia wake unaonekana ukielekea ndani, na zile chembe zimejipanga humohumo kwenye mkia, ndo zilikuwa njiani kwenda kumwagwa.