BTP (mazoezi ya kufundisha ya wanachuo wa ualimu) wiki ya 4: kelele za darasa mwalimu akigeukia ubao

Kelele zimekata! Angalau Sayansi, darasa la tano: wanafunzi 72, madawati 24 ya watatu watatu, kipindi cha dakika 40. Tatizo halikuwa andalio la somo wala sauti. Lilikuwa mgongo. Mwalimu akigeukia ubao kuandika notisi, minong'ono inaanzia dawati la nyuma upande wa dirishani, na kabla mstari wa nne haujaisha darasa zima ni soko. Ukifoka "Kimya!" wanatulia kidogo, ukigeuka tena wanaanza.

Dawa inayozoeleka ni monita kuandika majina ya wapiga kelele. Itupwe. Karatasi inarudi imejaa "x3" na "x5", marafiki wa monita hawamo, aliogombana nao wamo hata kama walikaa kimya, na jina hufutwa kwa pakiti ya ubuyu. Ukiadhibu kwa karatasi hiyo, darasa zima linajua umeadhibu usichokiona. Fimbo ndiyo kabisa: kanuni za Tanzania za 2002 zinampa mamlaka ya viboko mkuu wa shule, au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi, na visizidi vinne. Mwanachuo anayeingia nayo anatishia kwa kitu asichoruhusiwa kukitumia, na watoto hawachelewi kuligundua hilo.

Kilichofaulu ni kuacha kugeuka. Notisi zinaandikwa jioni kwenye karatasi ngumu ya manila iliyolazwa kwa upana, herufi za sentimita 3 hadi 4, mistari saba au minane. Marka iwe nyeusi au bluu. Nyekundu haisomeki nyuma. Kamba inafungwa misumari miwili juu ya ubao, manila inabanwa kwa vibanio vya nguo, na gazeti linaifunika. Gazeti linateremshwa mstari mmoja mmoja, mwalimu amesimama ubavuni, uso kwa wanafunzi. Wakiandika, anatembea hadi dawati lile la dirishani.

Siku ya kwanza manila ilishindwa. Madirisha hayana vioo, upepo ukaipeperusha, watoto wakacheka hadi kengele ikalia. Gundi ufito kwenye ukingo wa chini, inatulia. Kibanio cha mbao ni bora kuliko cha plastiki, ambacho huteleza.

Mchoro bado unachorwa ubaoni, kwa hiyo simama upande, bega kwa ubao, na usizidishe sehemu tatu bila kugeuka na kuuliza swali. Hapo majina ndiyo kila kitu. "Wewe wa nyuma" haimnyamazishi mtu. Jina lake likitajwa kwa sauti ya kawaida, ananyamaza yeye na jirani zake. Ramani ya madawati: madawati sita kwa siku, majina 18, siku nne darasa limeisha. Tumia penseli, kwa sababu baada ya mapumziko wanahamahama.

Makofi ya kilo yabaki ya kumpongeza aliyejibu. Ukiyatumia kutuliza darasa, unaongeza kelele.

Wiki hii ilipangwa kuwa ya kazi za vikundi, imeahirishwa. Ramani imefichua kitu kizuri zaidi: safu tatu za madawati manane manane ni daftari 24 kwa safu. Safu moja inasahihishwa kwa siku na daftari zinarudishwa kesho yake asubuhi, bila kukosa. Safu ya dirishani imeanza jana, na leo wameketi wakizisubiri kabla mwalimu hajaingia.