Obadia ndani ya nyumba ya Ahabu, na mzee mmoja wa Ploiești

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Wiki hii tuko 1 Wafalme 18, ule mlango wa Eliya na manabii wa Baali, ila moto wa Karmeli tunauacha kwanza, tunabaki na mistari 16 ya mwanzo ambayo wengi huwa tunairuka. Humo kuna mtu anaitwa Obadia. Ndo msimamizi wa nyumba ya Ahabu mfalme wa Israeli, funguo zote anazo yeye, na Biblia inasema alimcha Bwana sana. Mcha Mungu sana, na kila asubuhi anaamka anaenda kazini kwa Ahabu!

Nimemkumbuka baada ya kusoma habari za mwanasiasa mmoja wa Romania, Corneliu Mănescu. Niseme mapema kabisa, huyu hakuwa mlokole wala nini, alikuwa mkomunisti toka ujana wake, kwa hiyo simleti hapa kama mtakatifu. Alizaliwa 1916 Ploiești, mji wa mafuta. Ile nchi ilianza kuchimba na kusafisha mafuta mapema sana, mwaka 1857 walishaandika uzalishaji wao rasmi, tani 275, na mwaka huohuo mitaa ya Bucharest ikawaka taa za mafuta. Vita ya pili ilipokuja mafuta ya Ploiești ndo yakawa yanaendesha vifaru na ndege za Hitler, mpaka Wamarekani wakatuma ndege zaidi ya 170 kutoka Libya tarehe 1 Agosti 1943 kwenda kupiga mitambo ile, na zaidi ya 50 hazikurudi. Vita ikaisha, wakaja Warusi na kampuni ya ubia iliyoitwa Sovrompetrol, mafuta yakaanza kwenda upande wa pili. Yaani wenyeji wa pale walizoea kuona utajiri unapita mlangoni kwao unaenda kwa mwingine.

Mănescu yeye akapanda. Kamati ya mipango ya serikali, halafu balozi Hungary, halafu 1961 waziri wa mambo ya nje, na hapo alikaa miaka 11. Mwaka 1967 akachaguliwa kuwa rais wa Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, wa kwanza kutoka nchi za kikomunisti za Ulaya Mashariki, na chini ya kiti chake ndo baraza lilipitisha mkataba wa kuzuia kuenea kwa silaha za nyuklia, Juni 1968. Kazi nzuri, haina ubishi. Ila wapendwa tukumbuke alipoingia ofisini 1961 magereza ya nchi yake bado yalikuwa na wachungaji ndani, Richard Wurmbrand mmojawao, jumla alifungwa miaka 14 na akaja kutoka 1964. Waziri anavaa suti anaenda New York kuongelea amani, huku nyumbani mtu amefungwa kwa kuhubiri. Sijui alikuwa anajisikiaje, labda alishazoea.

Baadae alitolewa uwaziri, 1977 akapelekwa ubalozi Paris, huku nyumbani mambo yanaharibika. Ceaușescu, mtawala wa nchi, alijenga mitambo ya kusafisha mafuta mikubwa kuliko mafuta yaliyokuwepo ardhini, uchimbaji ulifika kilele 1976, kama tani milioni 14.7, ukaanza kushuka, wakawa wananunua mafuta ghafi nje, mengine Iran kwa mfalme wao, Shah, na Shah akaangushwa 1979. Deni likafika kama dola bilioni 10. Basi mkuu akaamua lilipwe lote, na lililipwa kweli, 1989 akatangaza limeisha, lakini lililipwa kwa chakula cha watu. Nyama inapelekwa nje, mkate wa mgao, petroli foleni kwenye nchi ya mafuta, balbu moja ya wati 40 chumbani, baridi ya theluji na mvuke wa kupasha nyumba umekatwa watu wanakaa ndani na makoti na kofia.

Sasa rudi mstari wa 5. Ukame mwaka wa tatu, watu wanakufa njaa, Ahabu anamwita Obadia wakatafute nini? Majani ya farasi na nyumbu! Huo mstari nikiusoma nacheka kwa uchungu. Hakuuliza wajane wanakula nini.

Machi 1989 wazee sita waliowahi kuwa wakubwa wa chama wakamwandikia Ceaușescu barua ya wazi, ikasomwa redioni kutoka nje ya nchi. Mănescu alikuwa mmoja wao, miaka 73. Mwingine Constantin Pârvulescu, miaka 93, ambaye 1979 alishasimama mkutanoni akampinga mkuu usoni, ukumbi mzima ukamzomea. Waliandika kuhusu chakula kupelekwa nje watu wanashinda njaa, vijiji kubomolewa, barua za watu kufunguliwa. Wakawekwa chini ya ulinzi, wakahojiwa weee. Mimi nawapa heshima, hasa yule wa 93. Ila nakubali pia wanaosema Mănescu alichelewa, maana aliongea akiwa hana tena ofisi ya kupoteza.

Obadia alifanya akiwa na funguo mkononi. Yezebeli mke wa Ahabu alipokuwa anawaua manabii wa Bwana, yeye aliwaficha na kuwalisha. Hebu wazeni vizuri, manabii 100, hamsini pango hili hamsini lile, mkate na maji, na ni wakati wa ukame, kila mtungi unaopita unaonekana, Yezebeli ana macho kila kona. Nani alibeba? Usiku au mchana? Na hakuwa jasiri kihivyo, Eliya alipomwambia nenda kamwambie Ahabu kwamba Eliya yupo hapa, alirudia mara tatu kwamba ataniua. Anatetemeka kabisa lakini mkate umeshafika.

Kwenye group humu wapo wa halmashauri, bandarini, mahakamani, wapo walio karibu na wakubwa. Najua mnaulizwa mbona mmeokoka na bado mko pale. Obadia naye hakuacha kazi, na Eliya hakumwambia aache. Swali langu kwenu ni la mapangoni tu: kwenye hiyo nafasi yako, mkate unamfikia nani?

Na Romania yenyewe, barua ile haikuiangusha serikali. Desemba 1989 pale Timișoara walitaka kumhamisha kwa nguvu mchungaji László Tőkés, waumini wake wakaizunguka nyumba wasiondoke, majirani wa madhehebu mengine wakajiunga, na ndani ya siku kumi Ceaușescu hakuwepo.

Someni mlango wote wa 18 kabla ya Jumatano, na wenye ndugu waliofungwa kwa ajili ya imani mtume majina kwa kiongozi wa maombi, faragha jamani, sio humu.