Inamwita nani?

Juzi binti yangu alipekua kabati, akaibuka na bikoni yangu, kile kifaa cha kumtafutia mtu aliyefukiwa na maporomoko ya theluji. Akachomoa betri za rimoti, akazitia humo, kitaa kikaanza kumetameta. "Baba, hii redio mbona haisemi?"

Nikamwambia haisemi, inaita.

"Inamwita nani?"

Sikumjibu. Nilishakuwa kwenye theluji, magoti yamelowa, na Shemeji ananijia mbio huku macho hayabanduki kwenye kifaa chake.

Mafunzo yalikuwa ya siku mbili, na tulikwenda kwa sababu bila hayo Shemeji aligoma kukanyaga mlima usio na njia. Mimi niliona tunapoteza wikendi. Siku ya kwanza, ya darasani, sina mengi ya kusimulia. Miteremko ya nyuzi 30 hadi 45 ndiyo ya kuogopwa zaidi. Bamba la theluji likikalia tabaka dhaifu, uzito wa mtu mmoja unatosha kulikata, na mara nyingi anayelikata ni yule yule linalomzoa, au mwenzake. Nikaandika, nikapiga miayo.

Siku ya pili mkufunzi alitukuta tunakunywa chai, akabonyeza saa yake. "Mwenzenu kafukiwa. Mtafuteni."

Bikoni zote huongea kwenye masafa mamoja, kilohezi 457. Mkiwa safarini kila mmoja yake inatuma. Mwenzenu akifukiwa, mliobaki mnazigeuza zipokee. Hiyo ndiyo hatua ya mwanzo kabisa, na jana yake nilikuwa nimeipigia mistari miwili. Nikatimua mbio bila kugeuza. Katikati ya uwanja nikasimama, nashangaa kioo changu mbona hakina hata mshale.

Kumbe cha Shemeji kilikuwa nao, tena mzuri tu. Namba za mita zikamshukia: 22, 15, 8. Kwenye 3 akapunguza mwendo, akainama kama tulivyofundishwa, kifaa kinakaribia kulamba theluji, akatambaa taratibu mpaka akagota kwenye kiatu changu. Akainua uso.

"Shemeji," akasema, "umefukiwa?"

Tulicheka mpaka nikakaa chini. Mkufunzi hakucheka, alikuwa anatazama saa.

Nikageuza. Tukafika penye 0.9, nikakunjua ufito mrefu wa kupapasia chini ya theluji, nikaanza kuchoma kwa kuzunguka, kila tundu sentimita 25 kutoka lenzake. Ardhi ukiigonga inajibu kavu. Hiki kilidunda kidogo, kama godoro. Kwa furaha nikauchomoa ufito, nao hutakiwa kuachwa hapo hapo uwe alama. Basi tukaanza upya. Kisha mabeleshi, na theluji iliyokanyagwa mpaka imeshikana kama saruji. Nilichimba kisima wima juu ya ufito badala ya kuingilia upande wa chini wa mteremko, kwa hiyo nilichotoa nusu yake kilirudi.

Mkono ndio uliotokea kwanza.

Nilijua ni begi. Mkufunzi alikuwa amelivisha koti kuukuu, na mwisho wa mkono wa koti akabana glavu. Nilijua, lakini niliishika ile glavu kama unavyomshika mtu, nikaiminya, nayo ikakunjamana yote kiganjani mwangu. Tupu. Mkufunzi akanigeuzia saa nisome mwenyewe: dakika 19. Jana yake alikuwa ametuambia kwamba mtu akitolewa ndani ya dakika 10 hivi, mara nyingi anapona, na baada ya hapo matumaini yanaporomoka haraka.

Tulirudia mpaka jioni. Tukafika dakika 7, na begi safari hiyo halikuvishwa koti.

Wiki iliyofuata tulipanda. Hatari ya maporomoko asubuhi hiyo ilikuwa 2 kati ya 5, na tulifika penye mteremko mmoja wa kuvuka mtu mmoja mmoja. Hapo ndipo begi langu lilipoanza kunielemea, maana beleshi nililobeba halikuwa la kuniokoa mimi. Lilikuwa lake. Na lake, langu. Kati yetu wawili, mwenye dakika 19 alijulikana.

"Nitangulie?" Shemeji akauliza, na kabla sijafungua mdomo akaingia, polepole, bila kugeuka nyuma. Nilimkodolea macho mpaka yakauma.

Alivuka. Nikavuka. Sijawahi kumuuliza alikuwa anafikiri nini, na sasa naona aibu kuuliza.

Binti yangu alichoka kusubiri jibu, akarudisha betri kwenye rimoti.