Mita moja inatosha kuvunja mkono

Nilipokabidhiwa usimamizi wa ghala, nilianza na daftari la ajali. Hakukuwa na aliyeanguka kutoka darini. Yupo aliyeteguka kifundo cha mguu akiruka kutoka kwenye lori, mwingine alivunjika mkono alipoteleza kwenye stuli, mwingine akapasuka kisogo kwa kukosa kipandio cha mwisho cha ngazi. Wote walikuwa chini ya mita mbili.

Niliposema tulishughulikie hilo, nikajibiwa, "Hapo tu, bosi? Hata mtoto anaruka." Nikawapigia hesabu: ukianguka kutoka mita moja unafika chini kabla nusu sekunde haijaisha, kwa mwendo wa karibu kilomita 16 kwa saa. Unachowahi ni kutanguliza mkono, na mkono ndio unaovunjika. Mkanda wa usalama wenye kamba ndefu hauna msaada hapo. Kabla haujakaza, umeshafika sakafuni. Nikawaambia pia kwamba kanuni za Uingereza za mwaka 2005 kuhusu kazi za mahali pa juu hazikuweka kimo cha chini kabisa cha kuanza kutumika; hata mita moja inahesabika.

Wakaitikia vizuri, kisha wakarudi kupanda kreti.

Basi nikaacha kuhubiri, nikaangalia wanapanda kufuata nini. Tepu za kufungia maboksi, zinazohitajika kutwa nzima, zilikuwa rafu ya juu, huku mafaili ya zamani yasiyoguswa na mtu yamejikalia usawa wa kiuno. Tukayabadilisha nafasi. Kreti tupu nazo nikaagiza zitolewe nje kila jioni.

Lori ndilo lililonitoa jasho. Tulileta ngazi fupi ya magurudumu yenye breki na mahali pa kushika, lakini ilikuwa nzito, ikaishia kukaa kona. Tukaleta nyepesi na kuiweka palepale lori linapoegeshwa, hiyo inatumika. Sharti ni kushuka ukiitazama ngazi, mikono mitupu, mzigo apokee aliye chini.

Kwa ngazi ya kuegemeza, kila mita 4 za kimo, mguu wake unakaa mita 1 kutoka ukutani. Nimepiga mstari wa rangi sakafuni ili mtu asikisie.

Amebaki fundi wa taa anayekuja na stuli yake ya plastiki. Siku akija, namsubiri mlangoni na ngazi.